Mchezaji Akishika Kipaza Sauti

Siku ya Jumapili, tarehe 25 Mei, 2025, Bw. Gary Lineker aliwaaga watazamaji wa televisheni ya BBC kutoka katika kiti alichokikalia kwa muda wa miaka 26, akiongoza kipindi cha mpira kiitwacho "Match of the Day", yaani Mechi ya Siku. Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa la kwanza katika orodha ya watangazaji wanaolipwa fedha nyingi na shirika hilo. Lakini hakuondoka kwa namna aliyokuwa ameipanga. Yalikuwako mapatano kwamba, hata akikiacha kipindi hicho, angebaki kutangaza mechi za Kombe la FA na za Kombe la Dunia la mwaka 2026. Mapatano hayo yalivunjika kwa sababu ya habari moja fupi aliyowapitishia watu katika mtandao, yenye picha ndogo ya panya.

Wako watakaouliza: mambo haya ya Uingereza yatuhusu nini? Twajibu kwamba yatuhusu, tena sana. Shirika lenyewe si geni kwetu: idhaa yake ya Kiswahili ilianza kusikika tarehe 27 Juni, 1957, na wazee wetu wengi waliyajua mambo ya dunia kwa kuitegea sikio redio hiyo. Mpira wa Uingereza nao si mgeni. Ndio unaowajaza vijana kila Jumamosi jioni katika vile vyumba vya kulipia ambavyo mitaani huitwa vibanda umiza. Lakini iko sababu iliyo kubwa zaidi. Mambo yaliyompata Bw. Lineker yameleta swali ambalo kila nchi yenye redio na yenye mpira itabidi ilijibu: mtu aliyependwa kwa ajili ya miguu yake, akipewa kipaza sauti, ana haki ya kusema nini? Je, sauti ile ni mali yake, ama ni mali ya shirika linalomlipa? Sisi tunayo rai yetu katika jambo hili, nasi tutaieleza. Kabla ya hapo yafaa kumweleza mtu mwenyewe, maana uzito wa neno hupimwa pia kwa kumjua aliyelisema.

Bw. Lineker alizaliwa katika mji wa Leicester, katikati ya Uingereza, tarehe 30 Novemba, 1960. Baba yake alikuwa na meza ya matunda na mboga katika soko la mji huo. Klabu ya mji wake, Leicester City, ilimchukua angali kijana, naye akacheza mechi yake ya kwanza katika kikosi cha wakubwa siku ya kwanza ya mwaka 1979. Hakuwa fundi wa chenga, wala hakuwa na mashuti ya kutoboa nyavu kutoka mbali. Alikuwa na mbio, na zaidi ya mbio alikuwa na akili ya kujua mpira utaangukia wapi kabla mlinzi hajajua. Mabao yake mengi aliyafunga akiwa hatua chache tu kutoka langoni, na wasiojua mpira wangeweza kudhani ni bahati. Lakini bahati haiji kila Jumamosi. Katika ligi kuu ya Uingereza ya siku zile aliongoza kwa mabao akiwa na klabu tatu mbalimbali: Leicester mwaka 1985, akilingana na mchezaji mwingine, Everton mwaka 1986, na Tottenham mwaka 1990. Katika msimu wake mmoja wa Everton alifunga mabao 30 ya ligi, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwaka na wachezaji wenziwe, na tena na waandishi wa habari za mpira.

Mwaka huo huo wa 1986 akaenda Mexico katika Kombe la Dunia. Uingereza ilianza vibaya: ilifungwa na Wareno, kisha ikatoka sare bila bao na Morocco, ndugu zetu wa Afrika, ambao ndio walioibuka wa kwanza katika kundi hilo. Ndipo Lineker, mkono wake umefungwa bendeji, akawafunga Wapolandi mabao matatu katika kipindi cha kwanza. Alimaliza mashindano akiwa na mabao sita, akatwaa Kiatu cha Dhahabu, naye ni Mwingereza wa kwanza kukipata. Barcelona ya Hispania ikamnunua. Huko aliifunga Real Madrid mabao matatu katika mechi moja, tarehe 31 Januari, 1987, akajifunza na lugha ya wenyeji, jambo ambalo si kila mchezaji wa kigeni hujishughulisha nalo.

Sisi wa Afrika twamkumbuka kwa siku nyingine. Tarehe 1 Julai, 1990, katika mji wa Naples nchini Italia, Kameruni ilikuwa imebakiza dakika saba tu kuingia nusu fainali ya Kombe la Dunia, mahali ambapo nchi ya Afrika ilikuwa haijapata kufika. Bara zima lilikuwa nyuma ya Bw. Roger Milla na wenziwe, waliokwisha kuwafunga Argentina, mabingwa wa dunia. Kameruni mbili, Uingereza moja. Ndipo Lineker alipoangushwa katika eneo la hatari, akaipiga penalti mwenyewe, akasawazisha. Katika muda wa nyongeza akaangushwa tena, akapiga tena, akafunga tena. Uingereza ikapita kwa mabao matatu kwa mawili, na Afrika ikangoja miaka 32 hata Morocco ilipoifikia nusu fainali huko Qatar mwaka 2022. Walioliona jambo lile hawakulisahau. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba mtu yule alituonea. Alitushinda kwa sheria, wala hakumkejeli mtu.

Na hapa ndipo penye jambo lililomtofautisha na nyota wengine. Katika muda wa miaka 16 ya kucheza, katika nchi tatu, akiwa senta fowadi anayepigwa mateke na walinzi kila juma, Bw. Lineker hakuonyeshwa kadi hata moja, ya manjano wala nyekundu. Shirikisho la mpira la dunia, FIFA, lilimpa tuzo ya uungwana mwaka 1990. Hata kuondoka kwake katika timu ya taifa kulikuwa kuchungu bila kelele. Alikuwa amefunga mabao 48 katika mechi 80, amebakiza moja kuifikia rekodi ya wakati ule ya Bw. Bobby Charlton. Mwezi wa Mei, 1992, alipata penalti dhidi ya Brazili, akaubetua mpira taratibu, mlinda mlango akauzuia. Tarehe 17 Juni mwaka huo, katika mashindano ya Ulaya huko Uswidi, mwalimu wa timu, Bw. Graham Taylor, akamtoa nje katika kipindi cha pili, na timu inahitaji bao. Hakuichezea Uingereza tena. Kisha akaenda Japani, katika klabu ya Nagoya Grampus Eight, ligi ya kulipwa ya nchi hiyo ilipoanza mwaka 1993. Kidole cha mguu kikaumia, akacheza mechi chache, na mwaka 1994 akastaafu.

Twaeleza hayo yote ili ifahamike kwamba alipokishika kipaza sauti hakuja mikono mitupu. Alikuja na akiba. Watu walikuwa wamemtazama kwa miaka 16, wakamwona hadanganyi mwamuzi na hapigani. Imani ya namna hiyo hainunuliwi kwa mshahara, nayo ndiyo mashirika ya utangazaji yanayoitafuta yanapowaajiri wachezaji. Hatuna budi kulishika neno hili, maana hukumu yetu itasimama juu yake.

Utangazaji ni kazi, wala si zawadi ya uzeeni kwa mtu aliyefunga mabao mengi. "Match of the Day" ilianza tarehe 22 Agosti, 1964, kwa mechi ya Liverpool na Arsenal. Waliotazama siku hiyo walikadiriwa kuwa watu 20,000 tu, wachache kuliko waliokuwa uwanjani. Mtangazaji wake wa kwanza, Bw. Kenneth Wolstenholme, alikuwa rubani wa ndege za vita kabla ya kuingia katika utangazaji. Kwa muda mrefu mchezaji alikaribishwa studio ili atoe maoni, na kiti cha kuongoza kipindi kikawa cha watu wa habari. Waliouvuka mpaka huo walikuwa wachache. Mmoja wao ni Bw. Jimmy Hill, mchezaji wa Fulham na mwenyekiti wa chama cha wachezaji, aliyewaongoza wenziwe hata mwaka 1961 ikafutwa ile sheria ya kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya pauni 20 kwa juma. Mwingine ni Bw. Bob Wilson, mlinda mlango wa Arsenal.

Bw. Lineker alianza kwa kujifunza katika redio, kisha katika kipindi cha mpira cha mchana wa Jumamosi, na mwaka 1999, Bw. Des Lynam alipohamia televisheni nyingine, ndipo akapewa kiti kikubwa. Msikilizaji huiona kazi hiyo kuwa nyepesi, na wepesi huo ndio ufundi wenyewe. Mwongozaji huzungumza na watazamaji huku sauti ya mkuu wa kipindi inamnong'oneza sikioni kwamba zimebaki sekunde kadhaa. Humkata rafiki yake maneno bila ya kumvunjia heshima. Huuliza swali ambalo analijua jibu lake, kwa sababu mtu aliye nyumbani halijui. Mtu aliyeishi kwa kumalizia pasi za wenziwe alilazimika sasa kuwapa wenziwe pasi, kina Bw. Alan Shearer na Bw. Ian Wright, ili wao wafunge. Si kila nyota aweza kuvumilia mabadiliko ya namna hiyo.

Alikuwa pia mtu wa kutimiza neno. Mwaka 2002 klabu yake ya utotoni ilipofilisika, aliongoza kundi la watu waliotafuta fedha za kuiokoa. Mwezi wa Desemba, 2015, aliandika kwamba Leicester ikiutwaa ubingwa angefungua kipindi akiwa amevaa nguo ya ndani tu. Wachezesha kamari walikuwa wameipa klabu hiyo nafasi moja katika 5,000. Leicester ikautwaa, na tarehe 13 Agosti, 2016, mtu mzima mwenye mvi akatokea mbele ya taifa zima kifua wazi. Waliocheka walicheka, lakini walijua kwamba ahadi kwake ni deni.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe. BBC haiishi kwa matangazo ya biashara huko kwao. Yaishi kwa ada inayotozwa kila nyumba yenye televisheni, ambayo mwaka 2023 ilikuwa pauni 159. Kwa hiyo imejifunga kutoegemea upande wowote katika siasa. Kutoka katika mfuko huo Bw. Lineker alilipwa kiasi cha pauni milioni 1 na 350,000 katika mwaka wa hesabu wa 2022 hadi 2023. Tarehe 7 Machi, 2023, serikali ya Uingereza ilipotangaza mswada wa kuwazuia watu wanaovuka bahari kwa mashua ndogo kutoka Ufaransa kuomba hifadhi, yeye aliandika katika ukurasa wake wa Twitter kwamba sera hiyo ni katili, na kwamba lugha inayotumiwa juu ya watu hao inafanana na ile iliyotumiwa Ujerumani katika miaka ya thelathini. Mawaziri walikasirika. Tarehe 10 Machi shirika likatangaza kwamba asimame kando hadi yapatikane maelewano.

Yaliyofuata hayakutazamiwa na mtu. Bw. Wright alisema hatakwenda studio bila yake, Bw. Shearer akafuata, watangazaji wa mechi nao wakajitoa. Bi. Alex Scott, aliyeichezea Uingereza mechi 140 na ambaye naye ameuacha uwanja akawa mtangazaji, hakukiongoza kipindi chake cha mchana, nacho hakikurushwa. Usiku wa Jumamosi, tarehe 11 Machi, "Match of the Day" ikaonyeshwa kwa dakika 20 tu, bila mwongozaji, bila mchambuzi, bila sauti ya mtangazaji hata mmoja. Yalisikika makelele ya mashabiki peke yake. Watazamaji wakawa milioni 2.58, karibu nusu milioni zaidi ya juma lililotangulia. Tarehe 13 Machi shirika likaomba radhi, likaahidi kuzitazama upya kanuni zake, na Bw. Lineker akarudi kazini.

Wako watu wenye busara wasemao kwamba shirika lilikuwa na haki. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema: yule anayeupenda mswada ule naye amelipa pauni zake 159, kwa nini basi fedha yake imlipe mtu wa kumtukana? Tena wanasema kwamba umaarufu wa Bw. Lineker umetunzwa na kipindi chenyewe, kwa hiyo hawezi kuuvua kama koti anapokaa nyumbani kuandika.

Twaikubali nusu ya hoja hiyo. Mtangazaji wa taarifa ya habari hana budi kuuzuia ulimi wake mahali pote, kwa sababu kazi yake ni kuaminiwa na pande zote mbili. Lakini Bw. Lineker hakusoma taarifa ya habari. Alisoma matokeo ya mpira. Hakuyasema maneno yale katika kipindi, wala hakuwataka watu wakipigie kura chama fulani. Na tena yupo shahidi ambaye shirika halikuweza kumkana, naye ni shirika lenyewe. Tarehe 20 Novemba, 2022, Kombe la Dunia lilipofunguliwa Qatar, Bw. Lineker alikianza kipindi cha BBC kwa kuwaeleza watazamaji juu ya vifo vya wafanyakazi wa kigeni na juu ya sheria za nchi ile. Aliyasema hayo katika studio, katika saa za kazi. Hakuna aliyemwambia asimame kando. Miezi minne haikutimia, mtu yule yule akaisema serikali ya kwao, tena katika ukurasa wake mwenyewe, na kiti kikaondolewa. Sisi twauliza: je, kutoegemea upande ni sheria inayokwisha nguvu inapovuka mpaka? Vijana wa Kenya na Uganda ni miongoni mwa waliokwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Hatukuchukia yalipotajwa mateso ya wafanyakazi. Lakini kanuni inayomruhusu mtu kuikosoa nyumba ya jirani na kumkataza kuikosoa yake haistahili kuitwa haki. Ni adabu ya mtumishi kwa bwana wake.

Na juu ya maudhui ya maneno yake, sisi wa sehemu hizi za Afrika tunacho kipimo chetu. Mwaka 2022 wote, waliovuka kwenda Uingereza kwa mashua ndogo walizidi kidogo 45,000. Wananchi wa Ngara, katika Mkoa wa Kagera, wanakumbuka mwisho wa Aprili, 1994, ambapo watu wapatao 250,000 waliingia kutoka Rwanda kwa daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi. Hatusemi kwamba mzigo ule ulikuwa mwepesi, wala kwamba Tanzania haikupata kuchoka na kuwarudisha wakimbizi. Twasema kwamba mtu wa Ngara aelewa vizuri kwa nini Bw. Lineker, ambaye mwaka 2020 alimpokea mkimbizi nyumbani kwake, alishtushwa na lugha ya wakubwa wa nchi tajiri. Aliyempa mgeni chumba amejipatia haki ya kusema juu ya wageni. Mfano wa Ujerumani ulikuwa mzito kupita kiasi, na angeweza kuupata ulio mwepesi. Lakini mfano mzito si kosa la kumnyang'anya mtu kazi.

Kwa hiyo, katika shauri la mwaka 2023 twaona kwamba shirika lilikosea. Kosa lake kubwa ni kwamba kanuni zake hazikuwa wazi. Alilipwa kama nyota na akahukumiwa kama karani. Mwezi wa Septemba mwaka huo ndipo zilipotolewa kanuni mpya, zinazowaruhusu waongozaji wa vipindi vikubwa kusema rai zao juu ya mambo ya nchi, ila wasivipigie debe wala kuvishambulia vyama vya siasa, wala wasizishambulie tabia za wanasiasa. Kanuni hizo ni nzuri. Zingekuwa nzuri zaidi kama zingalitangulia mechi, badala ya kuandikwa baada ya kipenga cha mwisho.

Lakini haki haina upendeleo, nasi hatutamtetea mtu katika jambo asilostahili kutetewa. Mwezi wa Mei, 2025, Bw. Lineker aliwapitishia wafuasi wake habari iliyotungwa na watu wengine, yenye kuishutumu itikadi ya Kizayuni, na ndani yake ilikuwamo picha ya panya. Katika Ujerumani ya Hitler panya ilikuwa ndiyo sura waliyopakwa Wayahudi kabla ya kuuawa kwa mamilioni. Alipojulishwa aliifuta, akaomba radhi, akasema hakuijua maana ya picha ile. Twamsadiki. Hakuna jambo katika maisha yake linaloonyesha chuki ya namna hiyo, na huruma yake kwa watu wa Gaza si dhambi. Lakini msomaji atauona ubaya wa jambo lenyewe. Huyu ndiye mtu aliyeionya nchi nzima mwaka 2023 juu ya lugha ya Ujerumani ya miaka ya thelathini. Miaka miwili baadaye, kwa haraka ya kidole kimoja, akaieneza picha ya Ujerumani ile ile. Mwenye kuwafunza wengine hatari ya maneno ana wajibu wa kuyasoma maneno hadi mwisho.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Bw. Lineker alijikwaa dole huko Japani, akapoteza mpira tu. Alipojikwaa ulimi alipoteza kiti. Na kwa jambo hili hatuwezi kulilaumu shirika kama tulivyolilaumu kwanza. Shauri la kwanza lilikuwa la rai yake mwenyewe, ambayo aliifikiri, akaiandika na kuisimamia. La pili lilikuwa la maneno ya wengine, ambayo hakuyachungua. Mtu na alindwe kwa rai yake. Kwa uzembe, atajibu mwenyewe. Yeye mwenyewe alilielewa hilo, ndiyo maana aliondoka bila ugomvi, kama alivyozoea kutoka uwanjani. Wala hakunyamaza: anaendelea kuzungumza mpira kupitia kampuni ya vipindi vya sauti aliyoshiriki kuiasisi, ambako hana ada ya mwananchi inayomfunga.

Basi na sisi tujifunze. Redio na televisheni zimekuwa nyingi katika nchi zetu, na zote zina vipindi vya michezo asubuhi na jioni. Tungependa kuwaona wachezaji wetu wa zamani wakikaa katika viti vile, si kama wageni wa siku moja wanaoulizwa kumbukumbu za zamani na kurudishwa nyumbani kwa nauli, bali kama wafanyakazi waliofunzwa kazi na wanaolipwa ujira wa kazi. Wachezaji wa mpira huacha kucheza wangali vijana, Bw. Lineker alistaafu akiwa na miaka 33. Mtu wa umri huo ana miaka 30 ya kulitumikia taifa mbele yake, na mambo aliyoyaona ndani ya uwanja hayawezi kusimuliwa na mtu aliyekaa jukwaani.

Lakini waajiri na waziandike kanuni zao kabla ya kumkabidhi mtu kipaza sauti, na zimpate mkubwa kama zinavyompata mdogo. Shirika linalotaka faida ya jina la mtu lisijifanye kushangaa mtu huyo anapokuwa na moyo na rai. Akinunuliwa kwa sababu watu wanamwamini, basi wajue kwamba wanamwamini kwa kuwa ni mtu kamili, wala si kwa kuwa ni kasuku.

Nao wachezaji wanaotamani kiti hicho na wakumbuke kwamba wanaingia na akiba ya imani ya watu, na akiba hiyo hutumika. Kuitumia kwa kumtetea asiye na msemaji ni matumizi mema, hata kama wakubwa watachukia. Kuimwaga kwa kupitisha kila kitu kinachopita mbele ya macho ni hasara isiyolipika. Aliyecheza miaka 16 bila kadi alijua kuutazama mpira, kumtazama mlinzi na kumtazama mwamuzi kabla hajanyoosha mguu. Uangalifu ule ule ndio unaotakiwa kabla ya kufungua kinywa, na zaidi, kwa maana uwanjani yupo mwamuzi wa kupuliza kipenga na mpira ukarudishwa. Neno likiisha kutoka halirudi.